Anza na nakala 100

Ndugu yangu, nimekuelewa: una hadithi 14 za ajabu, za majini na mibuyu inayosema, una akiba kidogo, na mwenye matbaa anakuhimiza uchape nakala 1,000. Subiri. Chapa 100 kwanza. Mimi nilikimbilia wingi. Gundi ya mgongo wa kitabu ikaachia kwa joto letu la Mombasa, kurasa zikawa zinachomoka mkononi mwa mnunuzi. Iliniuma sana. Dai nakala moja ya majaribio, iache juani kutwa, kisha ifungue hadi mgongo ulie.

Nambari ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, huombwa Maktaba ya Kitaifa ya Kenya. Hakimiliki isajili KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Ukiletewa mkataba unaotaka haki zako zote, mpe wakili ausome kabla hujatia sahihi.

Kuhusu kuuza, soma kwa sauti. Jioni pale Mama Ngina, kwenye bustani ya ufukweni hapa Mombasa, watu wakiwa na madafu na mihogo yao, omba ruhusa, soma ukurasa mmoja tu, ukomee pale mlango unapogongwa usiku na nje hakuna mtu. Kirekodi kipande hichohicho kwa simu, kisambaze kwa WhatsApp, na chini yake uandike bei na nambari ya kulipia kwa M-Pesa.