Jiwe gumu, mchanga mbovu?

SWALI: Mambo zenu wahariri. Mimi ni dereva wa lori hapa Odessa, Texas, nabeba mchanga wa fraki (ule wa kupasulia mwamba kwa maji ya shinikizo ili mafuta yatoke) kupeleka kwenye visima vya mafuta. Sasa kwetu Mazeras, Pwani ya Kenya, tuna shamba limejaa jiwe mchanga, lile lile watu wanachonga wanabandika ukutani, gumu balaa. Nikiona pesa inayozunguka huku kwa mchanga tu, najiuliza letu haliwezi kupondwa tukauza? Na huwa wanapimaje? – Dereva, Odessa

JIBU: Kaka dereva, hapo kwa "gumu balaa" ndipo penye shida. Mchanga wa fraki unasukumwa na maji hadi kwenye nyufa chini huko ili zisijifunge, kwa hiyo inayotakiwa kuwa ngumu ni chembe moja moja, jiwe lenyewe afadhali liwe legelege. Mawe mchanga ya jimbo la Wisconsin yanayosifiwa, matabaka yanayoitwa Jordan na St. Peter, sehemu nyingi ukiyasugua kwa mkono chembe zinamwagika tu, karibu kwatzi tupu (madini magumu ya silika) na zimeviringika vizuri. Jiwe lililoshikana sana ukiliponda chembe zinapasuka katikati, unabaki na vipande vya kona kona na unga, na unga ndio unaoziba njia ya mafuta.

La Mazeras pia lina feldispa nyingi, madini mengine ambayo ni dhaifu kuliko kwatzi na asidi inaila. Mtu wa nyumbani achukue kipande, akiloweshe kwanza (vumbi la silika linaua mapafu, sitanii), agonge polepole, asuuze, aangalie kwa lenzi. Kwatzi inang'aa kama kioo, feldispa ni nyeupe au ya pinki na ina nyuso bapa, na kama chembe zimeng'ang'aniana mbili tatu hiyo nayo ni dosari, maabara haitaki hata asilimia 1 ya hizo.

Maabara wanafuata ISO 13503-2, kiwango cha kimataifa cha kupima mchanga huu. Ukisema ni 40/70, yaani saizi ya kati ya chekeche namba 40 na namba 70, angalau asilimia 90 ibaki kati ya chekeche hizo mbili, mviringo uwe 0.6 kwenda juu kwa chati ya Krumbein na Sloss (picha za kulinganishia umbo la chembe), halafu wanapima kiasi kinacholiwa na asidi, halafu uchafu kwenye maji, mwisho wanaubana. Ukibanwa psi 7,000 (pauni kwa inchi ya mraba) na unga usizidi asilimia 10, basi huo ni wa daraja la 7K.

Lakini hata ungepita yote bado kuna usafiri bana, na hilo wewe unalijua kuliko mimi. Tangu 2017 walipoanza kuchimba matuta ya mchanga pale Kermit na Monahans, huko huko Texas, machimbo kibao ya Wisconsin yalifungwa, na mchanga wao ulikuwa bora kuliko wa Texas! Walishindwa na nauli ya treni tu, seuze meli kutoka Mombasa.

Endeleeni na mawe ya ukutani. Na akija mtu hapo shambani na mkataba wa "mchanga wa mafuta", msisaini kabla hajawaonyesha majibu ya kubanwa kwa chembe za jiwe lenu lenyewe.