Shahada si lazima, somo lenyewe ni lazima

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama mtengenezaji wa programu za kompyuta ni lazima awe na shahada ya sayansi ya kompyuta. Mimi sina, na kazi hii imenilisha miaka kumi na moja. Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Ila kuna jambo nililolijua nikiwa nimeshachelewa, na nisingependa kijana yeyote alijue kwa njia niliyolijulia mimi.

Nilijifunza mwenyewe, usiku, kwa masomo ya bure ya mtandaoni. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa orodha mbili za kulinganisha: waliosajiliwa na waliolipa. Programu yangu ilichukua jina la kwanza la orodha hii, ikaipekua orodha ile yote kulitafuta. Kisha jina la pili, ikaanza upya. Niliijaribu kwa majina 2,000 kila upande, ikamaliza kwa sekunde mbili. Nikaikabidhi kwa furaha. Siku ilipopewa majina 200,000 kila upande, watu walikaa wakisubiri ripoti mpaka jioni. Nikadhani seva, yaani kompyuta iliyokuwa ikiiendesha programu, imechoka, nikaomba nyingine.

Mwenzangu aliyeisomea fani hii chuo kikuu aliutazama msimbo wangu, yaani maandishi ya programu, kidogo tu.

"Kaka, kwa kila jina hapa unaipitia orodha yote kule?"

Nikaitikia. Akachukua kalamu. 2,000 mara 2,000 ni milioni 4. 200,000 mara 200,000 ni bilioni 40. Orodha zimekua mara 100, kazi imekua mara 10,000. Zile sekunde mbili zimekuwa zaidi ya masaa matano. Seva mpya ingesaidia nini hapo? Akanionyesha namna ya kuiweka orodha ya pili kwenye jedwali ambamo jina lenyewe hugeuzwa kuwa namba, na namba hiyo ndiyo inayosema jina limewekwa wapi. Hakuna tena kupekua. Tulibadilisha mistari minne, na ripoti ikatoka kabla hajarudi kwenye kiti chake.

Hakuwa na akili kunizidi. Alikuwa na mwalimu aliyemlazimisha kusoma algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, wakati hajaona faida yake. Anayejifundisha mwenyewe husoma anachokihitaji leo, na mimi sikujua kuwa kitu kama hicho kipo, sasa ningekitafutaje? Baadaye nilikutana na mengine ya aina hiyo, kama kompyuta kujumlisha 0.1 na 0.2 ikaleta 0.30000000000000004. Mtu asiyejua jinsi namba zinavyohifadhiwa ndani ya mashine asiguse hesabu za fedha za watu.

Wanaopinga shahada hupenda kumtaja Bill Gates, mwanzilishi mwenza wa Microsoft, aliyeacha Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1975. Hawasemi kwamba alikuwa akiandika programu tangu akiwa mwanafunzi wa sekondari, wakati ambapo shule chache mno zilikuwa na kompyuta. Linus Torvalds naye, alipoitoa Linux, mfumo endeshi unaosimamia kazi za kompyuta, mwaka 1991, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mfano ninaouheshimu zaidi ni Margaret Hamilton. Shahada yake ilikuwa ya hisabati, na ndiye aliyeongoza timu iliyoandika programu za kuongozea vyombo vya Apollo vilivyofika mwezini mwaka 1969. Hakuwa na karatasi ya sayansi ya kompyuta, lakini misingi alikuwa nayo tele.

Kijana mwenye nafasi chuoni na ada imepatikana, namsihi amalize. Asiye nayo, achukue mtaala wa mwaka wa kwanza na wa pili wa chuo chochote, aufuate mada kwa mada, hasa zile zinazomchosha: miundo ya data (namna za kupanga taarifa ndani ya programu), algoriti, mifumo endeshi, mitandao, hifadhidata (mahali pa kutunzia taarifa). Mimi ilinichukua miaka miwili ya jioni na wikendi.

Waajiri nao waache kutupa barua za maombi kwa sababu tu sehemu ya shahada iko wazi. Siku hizi nami huwasaili vijana wanaoomba kazi, na sianzi na vyeti. Ninampa kila mmoja orodha mbili za majina na nusu saa. Akimaliza, namuuliza itakuwaje majina yakifika 200,000. Wenye shahada wamewahi kunijibu vizuri, na wasio nayo pia. Na wa pande zote mbili wamewahi kuniambia tununue seva kubwa zaidi.