Namba kwenye nyimbo za kanisa za Indonesia

Aliyeuliza jinsi ya kusoma karatasi ya kwaya ya Wabatak (watu wa Sumatra, Indonesia) yenye namba badala ya d r m: hiyo ni "not angka", ndiyo inayotumika zaidi kwa Wakristo wa Indonesia, ikiwemo kwenye kitabu chao cha nyimbo, Kidung Jemaat, cha 1984. Mwanakwaya wa solfa (nota za herufi, d r m) anaiweza kwa jioni moja.

1 hadi 7 ni d r m f s l t. 0 ni kimya. Nukta juu ya namba, sauti ya juu. Nukta chini, sauti ya chini. Pale mwanzoni "do = g" ndiyo ufunguo, na "4 ketuk" ni mapigo manne kwa kila kipimo.

Wengi hujikwaa kwenye nukta inayofuata namba. Kwetu kwenye solfa nukta hugawa pigo katikati. Kwao ni kuvuta sauti, kama kistari chetu. Na mstari uliolazwa juu ya namba mbili unamaanisha zinagawana pigo moja. Kwa hiyo ukiona 5, kisha nukta na 6 chini ya mstari mmoja, imba s :- .l, yaani pigo moja na nusu, halafu nusu. Mkwaju unaokata namba hupandisha au kushusha nusu sauti, kutegemea umeinamia wapi.

Kopi mbaya hufuta nukta za chini, na besi hurukia juu ghafla. Zikague kabla ya kugawa.