Kabla hujanunua mashine kubwa, angalia propela

Ndugu zangu wenye boti, naona mtu boti ikiwa haikimbii anawaza mashine kubwa tu, ana ya nguvu za farasi 40 anataka ya 60, wakati mara nyingi tatizo ni propela. Isome. Imeandikwa namba kama 11 x 13, ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni pichi, yaani ikizunguka mara moja ingesogea inchi 13 kama maji yasingekuwa yanateleza. Pichi kubwa ni ya boti nyepesi, ndogo ndo ya mzigo.

Sisi wa Nyamisati kwenda Kilindoni, kule Mafia, tunapakia abiria, magunia, barafu, halafu unakuta mtu kafunga propela ya boti ya watalii! Mashine inanguruma nzito, tezi (nyuma) imezama, omo (mbele) iko juu, boti haipandi juu ya maji, mafuta yanaisha njiani na mashine inazidi kuumia.

Pima hivi: azima takometa, kile kipimo cha mizunguko ya mashine, pakia mzigo wako wa kila siku, sio boti tupu, subiri maji yatulie ufungue moto mpaka mwisho, halafu linganisha mizunguko na kitabu cha mashine. Mashine nyingi za foostroki (four-stroke) zinataka mizunguko kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Ukiwa chini ya kiwango punguza pichi, inchi moja inakupandishia kama 200 hivi. Ikipitiliza ongeza pichi, usiiache hivyo hata kama inakimbia vizuri.

Urefu wa kufunga mashine nao. Kile kibao bapa juu ya propela kiwe karibu usawa na chini ya boti. Kikikaa juu sana, ukikata kona au ukipigwa na wimbi propela inameza hewa, mashine inalia ghafla na boti haiendi.

Kwenye miamba yetu mimi sishauri propela ya stenlesi (chuma kisichoshika kutu) kabisa, alumini ukigonga inapinda yenyewe, stenlesi kishindo kinaenda kwenye gia na gia ndo pesa.

Na jamani vueni propela mara kwa mara, mshipi wa kuvulia ukijiviringisha kwenye shafti unakata sili inayozuia maji, oili ya gia ukiiona nyeupe kama maziwa ujue maji yameshaingia. Safisha, paka grisi kwenye meno ya shafti, weka pini mpya, na spea moja iwe ndani ya boti pamoja na spana yake.