Kifaa kinachozungumza Kijapani
Umeuliza ni kifaa gani cha gari ambacho madereva hawakitumii kabisa. Kwangu ni kile cha kusomea kadi ya ushuru wa barabara za kasi za Japani, ambacho katika magari mengi ya mtumba yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa hubaki chini ya dashibodi, na kila ukiwasha injini sauti ya mwanamke hukukumbusha kwa Kijapani kwamba hujaingiza kadi. Ramani ya kuonyesha njia kwenye skrini ya gari nayo ni ya Japani tupu. Kinachoniuma zaidi ni redio, kwani FM ya kule kwa miaka mingi iliishia megahezi 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo hadi 108, hivyo mwenye gari hulazimika kununua kibadilisha masafa ndipo asikie taarifa ya habari.