Je, klabu ya kuzungumza hadharani humsaidia mtu anayetetemeka?

Ndugu uliyeuliza kama klabu ya aina hii inaweza kumfaa mtu ambaye moyo humwenda mbio hata anapoombwa kujitambulisha kikaoni, nitakujibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe, kwa kuwa miaka sita iliyopita hali yangu ilikuwa kama yako.

Klabu niliyojiunga nayo hapa Dar es Salaam hufuata utaratibu wa Toastmasters, mtandao wa kimataifa wa klabu za kujifunza kuzungumza hadharani, ulioanzishwa na Ralph Smedley mwaka 1924 katika jengo la YMCA huko Santa Ana, California. Hakuna mwalimu anayesimama ubaoni. Wanachama wenyewe hugawana kazi za jioni: mmoja hutunza muda, mwingine huhesabu maneno ya kujazia, yaani yale yasiyo na kazi ambayo msemaji huyatumia akitafuta la kusema, na kila msemaji hupewa mtathmini wake. Hotuba ya kwanza ya mwanachama mpya ni ya kujitambulisha, nayo huchukua dakika 4 hadi 6; kadi ya kijani huinuliwa dakika ya 4, ya njano dakika ya 5 na nyekundu dakika ya 6.

Mimi nilichagua kueleza maisha ya marehemu baba yangu, aliyekuwa fundi cherehani. Niliandika kurasa nne, nikazisoma kimyakimya nyumbani hadi nikaridhika, lakini niliposimama mikono ilitetemeka kiasi kwamba mchakacho wa karatasi ulisikika hadi viti vya nyuma, na kwa woga nikasoma mbio, nikamaliza kabla hata kadi ya kijani haijainuliwa. Mhesabu maneno alitangaza kwamba nilisema “yaani” mara 17. Nilitamani kuondoka.

Kilichonibakiza ni tathmini. Mtathmini wangu, mama mmoja mhasibu mstaafu, hakunisifu kwa jumla wala kunilaumu. Alisema, “Mwanangu, uliposimulia jinsi mzee alivyokuwa akilowesha ncha ya uzi mdomoni kabla ya kuutunga kwenye sindano, uliinua macho ukatutazama, na hapo karatasi ilitulia. Mara nyingine anza na ule uzi. Andika maneno manne tu, uyaweke mezani, usishike kitu.” Nimekwisha kuhudhuria mafunzo ya kulipia ya siku mbili nzima, lakini sijapata humo ushauri ulionigusa mimi binafsi kama ule wa dakika 3.

Katika hotuba ya pili nilifanya kama alivyoniagiza. Mikono iliendelea kutetemeka, ila haikuwa na karatasi ya kuitangaza. Na kila “yaani” ilipokuja ulimini nilifunga mdomo, nikahesabu moja, kisha nikaendelea. Kwangu ukimya ule ulikuwa kama mwaka mzima, ilhali wasikilizaji waliniambia baadaye kwamba waliuona kama utulivu. “Yaani” zilishuka hadi 6.

Kwa tatizo lako la vikaoni, hata hivyo, naamini sehemu itakayokusaidia zaidi ni ile ya maswali ya papo kwa papo, ambapo huitwa ukiwa hujui utaulizwa nini, na hutakiwa kujibu kwa dakika 1 hadi 2. Hiyo ndiyo sura halisi ya kikao cha kazini: bosi hugeuka ghafla na kutaka maoni yako. Niliiogopa kuliko hotuba, na ndiyo iliyonibadilisha zaidi.

Jambo moja uliulizie mapema ni lugha. Klabu nyingi za mijini kwetu huendeshwa kwa Kiingereza, na nimeona wenzangu kadhaa wakidhani wanaogopa watu kumbe wanaogopa kukosea sarufi. Kama unaweza kupata kikundi kinachoruhusu Kiswahili, anzia huko, katika lugha unayobishania nyumbani, halafu uhamie Kiingereza moyo ukishazoea kutazamwa.

Nenda kwanza kama mgeni, usikilize jioni moja au mbili kabla ya kulipa ada. Ukifika mlangoni, mwambie anayepokea wageni kwamba usingependa kuitwa mbele siku hiyo. Kwetu sisi huandikwa alama pembeni mwa jina lako, nawe hukaa kwa amani hadi mwisho.