Umepangiwa Msange? Anza na miguu

Kila majina ya waliomaliza kidato cha sita wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yanapotoka, wadogo zangu wa hapa Ujiji, Kigoma, hunitafuta: "Kaka, nimepangiwa Msange, nitapona kweli?" Utapona. Mimi nilipita kambi hiyo hiyo, huko Tabora, na nimerudi na magoti yangu yote mawili.

Hadithi za wajomba zisikutishe. Waliokwenda kabla mpango haujasitishwa mwaka 1994 walikaa muda mrefu zaidi. Tangu uliporejeshwa 2013 mambo ni mengine, na siku hizi mujibu wa sheria, yaani wanaoitwa baada ya kidato cha sita, ni miezi mitatu. Wa kujitolea ndio wa miaka miwili.

Vijana wengi hujiandaa kwa pushapu chumbani. Pushapu utazikuta kambini, tena za bure. Kinachomtoa kuruta kwenye mstari ni miguu. Mchakamchaka kabla jua halijachomoza, kisha kwata (mazoezi ya gwaride), kisha fatiki, yaani kazi za mikono, ya kukata kuni au kulima, na muda wote huo miguu iko ndani ya kiatu. Ukinunua raba mpya jioni ya kuamkia safari, wiki ya kwanza utatembea kama bata. Zinunue mapema, rangi ile ile iliyotajwa kwenye tangazo la kuwaita, ukimbie nazo mpaka zikuzoee. Anza taratibu, leo mpaka sokoni, wiki ijayo mbele zaidi. Anayeanza kwa pupa huingia kambini tayari mifupa ya miguu inamuuma.

Kucha kata fupi na ziwe zimenyooka, usizizungushe pembeni. Soksi beba za kutosha, maana alfajiri zile ulizofua jana zinaweza kuwa bado mbichi. Usiku, hata ukiwa hoi, kausha katikati ya vidole kabla hujalala. Lengelenge likitokea usilipasue, na kama limepasuka lenyewe, lioshe ulifunike, kisha mwone mganga wa kambi. Nilimwona jamaa mmoja wa hanga letu (bweni la kambini), mrefu, mwenye mbio kuliko sisi sote, akikaa pembeni ya uwanja huku wenzake wakipiga kwata, kisa kidonda cha kisigino alichokuwa akikificha.

Ugonjwa nao usiufiche. Tabora na Kigoma ni mikoa ya malaria, kwa hiyo homa si ya kuonyeshea uanaume. Kama una pumu, au uliwahi kuvunjika, sema siku ile ile ya kuripoti. Wenye ulemavu unaoonekana hupelekwa Ruvu, Mlandizi, kambi yenye miundombinu inayowafaa, kwa hiyo kama wewe ni mmoja wao, soma tangazo vizuri kabla ya kukata tiketi ya Tabora.

Mavazi yanafanana. Bukta za bluu iliyokolea hanga zima, zote kwenye kamba moja! Jina uliloandika kwa kalamu hufutika kwa kufua. Shona uzi wa rangi yako ndani ya pindo, pasipoonekana kwenye paredi, na hakuna atakayebishana nawe. Namba ya simu ya mama iweke kichwani, usitegemee kushika simu.

Afande akikufokea, jibu "ndiyo afande" umalize. Hakujui, hana kisasi nawe, na kesho atamfokea mwingine kwa sauti ile ile. Wasomi ndio hupata tabu hapa, wanataka kueleza. Ukichelewa wewe, kombania nzima, yaani kikosi chako chote, inaruka kichura, na maelezo yako mazuri yanawaongezea wenzako dakika za kuruka. Lala na nguo za alfajiri zikiwa tayari kichwani pa kitanda. Mwamshe na jirani yako. Siku utakayopitiwa na usingizi, naye atakuvuta mguu.

Chakula ni ugali na maharage, basi. Sisi wa ziwani tunauliza migebuka, samaki wetu, iko wapi, mpaka njaa inatunyamazisha. Kula chote, kunywa maji hata kama huna kiu, kwani vumbi la kiangazi cha Tabora hukausha koo bila kubisha hodi. Na usiku wa Juni na Julai una baridi ambayo mtu wa Kigoma haijui, kwa hiyo traksuti usiiache.

Siku ya kufunga mafunzo, kila mtu atakuwa anakimbilia basi. Wewe kagua cheti kwanza. Jina lako lifanane herufi kwa herufi na la cheti cha kidato cha nne, maana kurudi Msange kufuata herufi moja ni nauli ya kwenda na kurudi.